BMW au Mercedes? Swali Ambalo Hatukuliuliza

Masomo ya kutafakari: Luka 14:28-30, Yakobo 2:1-4



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, vijana wa parokia yetu ya Fataki walikusanyika ukumbini kwa ajili ya jambo moja lililokuwa limeandikwa ubaoni tangu juma lililotangulia: zamu za kuwatembelea wazee na wagonjwa walioko katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Jambo hilo lilimalizwa kwa dakika kumi. Muda wote uliosalia, saa nzima na zaidi, uliliwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa popote.

Mmoja wetu, kijana mwenye bidii ambaye sitamtaja jina, amefanya biashara kati ya Mongbwalu na mpaka wa Uganda kwa miaka kadhaa, na Mungu ameibariki kazi ya mikono yake. Mchuuzi wa magari wa Kampala alikuwa amemtumia kwa simu picha za magari mawili yaliyokwisha kutumika. La kwanza ni BMW ya mfululizo wa 3, toleo ambalo mafundi huliita E90, rangi nyeusi, kwa dola 8,500. La pili ni Mercedes ya daraja la C, toleo la W204, rangi ya fedha, kwa dola 9,000. Yote mawili ni ya chini, ya kasi, yenye viti vya ngozi na alama inayotambulika hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. Kijana alisimama, akainua simu yake, akauliza: "Ndugu zangu, nichukue lipi?"

Ukumbi uligawanyika pande mbili. Upande huu walisema BMW ina nguvu na hukamata barabara kwenye kona kuliko gari lolote. Upande ule walisema Mercedes ni gari la wakubwa, na kwamba ukishuka ndani yake hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Wale walionyamaza tulipogawa zamu za wagonjwa sasa walikuwa wasemaji hodari. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akatamka kwamba anamfahamu mtu mpakani awezaye kulipitisha gari kwa nusu ya ushuru, na ukumbi ukapiga makofi. Mwishowe wakanigeukia: "Na wewe, Mwalimu, unasemaje?" Nikajibu kwa mzaha kwamba mimi ni mtu wa pikipiki, sijui mambo ya wakubwa. Wakacheka, tukasali Salamu Maria, tukaachana.

Nimelionea aibu jibu lile tangu siku hiyo. Mwalimu akiulizwa na wanafunzi wake akajibu kwa mzaha, amewaacha njiani. Kwa hiyo leo najibu, na sitauma maneno. Swali la kuchagua lipi kati ya magari yale mawili halikuwa swali letu hata kidogo. Tuliletewa na mtu anayeuza yote mawili, ambaye atapata faida yake tukisema BMW na ataipata tukisema Mercedes. Tukalipokea kama watoto wanaopewa peremende mbili wachague moja, tukadhani kule kuchagua ndio uhuru. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tulichagua jembe kwa saa nzima, wala hakuna aliyeuliza shamba liko wapi.

Tuanze na hesabu

Bwana wetu alipotaka kuwafundisha makutano gharama ya kumfuata, alitumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kupiga hesabu, asije akaanza na kushindwa, watu wakamcheka. Basi nasi tuketi. Katika mabishano yale sikusikia hesabu hata moja, ingawa ukumbini walikuwemo wenye diploma ya taifa.

Magari yale si mabaya. Yalitengenezwa na mafundi hodari wa Ujerumani, na yalitengenezwa kwa barabara za Ujerumani. Tumbo la kila moja liko karibu sentimita 15 tu juu ya ardhi likiwa tupu. Wakiingia watu watano na mizigo yao, hupungua zaidi. Barabara yetu ya Taifa namba 27, itokayo Bunia kwenda Mahagi, mnaijua kuliko mimi. Mvua ikinyesha, malori huchimba mifereji ambayo hata mwenye pikipiki hushuka na kusukuma. Tena magari yale kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, na katika udongo mwekundu uliolowa gari la namna hiyo hutupa mkia huku na huku kabla halijasogea mbele.

BMW nyingi za toleo hilo zilitoka kiwandani bila gurudumu la akiba. Zilifungwa matairi magumu yanayoweza kutembea kwa muda yakiwa hayana upepo, ili dereva aifikie gereji iliyo karibu. Hebu mniambie, ikiwa jioni na uko katikati ya Fataki na Bunia, katika barabara ambayo tumezoea kuipita kwa misafara yenye ulinzi, gereji iliyo karibu ni ipi?

Tufungue injini. BMW ya dizeli ya silinda nne ya miaka ile inajulikana kwa udhaifu wa mnyororo wake wa ndani, nao uliwekwa upande wa nyuma wa injini, hata fundi haufikii mpaka ashushe injini au giaboksi. Mercedes ya petroli ya silinda nne ya miaka ya kwanza ya toleo lile nayo inajulikana kwa mnyororo unaorefuka na magurudumu ya meno yanayolika. Mnyororo ukiruka au ukikatika, injini huweza kuharibika mara moja. Mercedes hiyo ina pia kufuli la umeme la usukani ambalo likifa, gari haliwaki hata kama injini ni nzima, na dawa yake ni kompyuta ya fundi maalumu. Nyundo na bisibisi hazisaidii. Tusisahau umri. BMW ya E90 ya milango minne ilikoma kutengenezwa mwaka 2011, na Mercedes ya W204 mwaka 2014. Anayenunua moja ya hizo leo ananunua maradhi ya uzee yaliyopakwa rangi ya ujana.

Tuongeze mafuta. Injini hizo zinataka mafuta safi ya daraja la juu, nasi tunanunua kwa Kadhafi, ndani ya chupa, kando ya njia. Tuongeze usukani. Magari mengi yatokayo Kampala yana usukani upande wa kulia, kwa sababu Waganda huendesha kushoto mwa barabara, hali sisi Wakongomani huendesha kulia. Dereva wa gari la chini lenye usukani wa kulia, akitaka kulipita lori hapa kwetu, haoni kilicho mbele mpaka awe amekwisha kuitoa nusu ya gari lake katikati ya njia.

Hesabu hii yote ingeweza kufanywa ukumbini kwa nusu saa. Haikufanywa kwa sababu hakuna aliyelitaka gari lile kwa kazi ya gari. Kama hoja yangu ingeishia hapa, ningemwachia fundi wa Bunia aandike ukurasa huu badala yangu. Lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo jingine.

Makofi yaliyonitisha

Ukutani mwa ukumbi ule, juu ya vichwa vya waliopiga makofi, tumebandika picha ya Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Wengi wenu mlisherehekea alipotangazwa mwenyeheri kule Roma tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Mliimba, mkacheza, mkajishonea vitambaa. Je, mnakumbuka alikufa kwa sababu gani?

Alikuwa kijana wa Goma, mwenye miaka 26, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya kudhibiti bidhaa zinazoingia nchini. Kazi yake ilikuwa mpakani. Aliletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Wakamteka na kumuua mwezi wa Julai mwaka 2007. Baba Mtakatifu Fransisko alipozungumza na vijana wa Kongo katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwafundisha kwa vidole vitano vya mkono, na alipofika kwenye kidole cha uaminifu na unyofu, alimtaja Floribert.

Basi tafakarini. Kijana mmoja alikufa kwa kukataa fedha mpakani, na sisi, chini ya picha yake, tulimpigia makofi mtu aahidiye kupitisha gari kwa fedha za mpakani. Hatukuona kinyaa. Tulidhani huo ni ujanja.

Mtasema: hata ushuru ukilipwa wote, wakubwa wataula. Huenda wataula, na dhambi hiyo watajibu wao. Lakini Floribert naye angeweza kujisemea kwamba asipoupitisha yeye ule mzigo, mwenzake wa zamu ya kesho ataupitisha, na kwamba kifo chake hakitabadili kitu. Hakujisemea hivyo. Tena fikirini mlango wenyewe. Mlango unaofunguliwa usiku kwa noti ili gari zuri liingie ni mlango uleule unaofunguliwa kwa noti ili dhahabu ya Djugu itoke bila kuandikwa popote, na ili risasi ziingie. Hakuna mlango wa pili uliotengwa kwa ajili ya vijana wa parokia wenye nia njema. Tunaolia kila siku kwamba silaha zinatoka wapi tungejiuliza pia nani amemzoesha mlinzi wa mlango kupokea.

Farasi wa Misri

Tamaa hii si mpya. Katika Kumbukumbu la Torati 17:16, Mungu anamwekea mfalme wa Israeli sheria ya ajabu: asijiongezee farasi wengi, wala asiwarudishe watu Misri ili apate farasi. Kwa nini farasi? Kwa sababu farasi wakati ule hakuwa mnyama wa kulimia. Alikuwa mnyama wa vita na wa fahari. Naye Sulemani, mfalme mwenye hekima kuliko wote, alifanya jambo hilohilo. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10, kinatuwekea hata bei: gari moja la farasi lililetwa kutoka Misri kwa vipande 600 vya fedha, na farasi mmoja kwa 150. Sura inayofuata inaeleza jinsi moyo wake ulivyogeuka, na ufalme wake ukapasuka vipande viwili mara baada ya kifo chake. Absalomu naye, alipokusudia kumwasi baba yake, alianza kwa kujipatia gari na farasi na watu 50 wa kukimbia mbele yake. Alijua kwamba watu humwamini anayepita kwa kishindo.

Kwa hiyo msinidanganye kwamba swali lilikuwa la injini. Yule aliyesema kwamba ukishuka katika Mercedes hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani, yeye peke yake ndiye aliyesema kweli siku ile. Tunatafuta heshima. Tumechoka kudharauliwa. Tunataka kuonekana kama watu.

Hapa lazima niwashitaki wazee, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika sikukuu moja ya parokia, alialikwa mtu tajiri. Alichelewa. Mimi ndimi niliyekuwa nimepewa kazi ya kusimamia utaratibu. Akina mama wa kambini walikuwa wamefika tangu alfajiri, kwa miguu, na vikapu vya mihogo na viazi vitamu kwa ajili ya matoleo. Mvua ilianza. Walikuwa wamejibanza chini ya kibaraza, karibu na mlango mkubwa. Gari la mgeni lilipoingia uani, jeusi, likimetameta, niliwaambia akina mama wale wasogee ili lipate nafasi ya kusimama penye mlango, mgeni asilowe. Walisogea bila neno. Walilowa wao, na mihogo yao ikalowa.

Juma lileile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa Kipaimara sura ya pili ya Waraka wa Yakobo, juu ya mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti cha mbele na maskini anayeambiwa asimame kule. Niliwaandikia ubaoni. Niliwapa mtihani. Na walikuwapo siku ile ya mvua, wakitazama. Sasa wao ndio vijana waliokuwa ukumbini. Walichojifunza hakikutoka ubaoni.

Kwa hiyo mnapotaka gari ili mheshimiwe, mnatii katekesi tuliyowapa kwa matendo. Makosa haya ni yetu sote, na toba yake lazima iwe ya sote. Sisi wazee tuache kugawa viti kwa kuangalia magurudumu, nanyi mwache kununua magurudumu ili mpewe viti.

Wanaonipinga

Najua yatakayosemwa. Hoja ya kwanza: ni jasho lake, hakuiba. Ni kweli, na Kanisa linamtetea. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alilinda haki ya mtu kumiliki mali aliyoitolea jasho. Lakini Kanisa hilohilo, kwa kalamu ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1967, katika waraka juu ya maendeleo ya mataifa, lilifundisha kwamba hakuna mwenye sababu ya kujiwekea peke yake kile kinachozidi mahitaji yake wakati wengine wamekosa cha lazima. Mambo haya mawili hayapingani. Shamba ni lako, na jirani mwenye njaa ni wako pia.

Hoja ya pili: gari zuri ni ushuhuda kwamba Mungu hubariki, wahubiri wa makanisa mengine wanapanda magari mazuri, mbona sisi Wakatoliki tujidhalilishe? Nawajibu kwa gari. Mwezi wa Julai mwaka 2013, Papa Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humuuma moyo akimwona padre au mtawa katika gari la toleo jipya kabisa. Hakukataza gari, kwa kuwa kazi inalihitaji. Aliwaomba wachague la hali ya chini zaidi na wawafikirie watoto wanaokufa kwa njaa. Miezi miwili baadaye padre mmoja wa Verona, Italia, alimpa zawadi Renault 4 ya mwaka 1984, gari kuukuu lililokuwa limetembea kilomita 300,000 katika utume wake kwa watu wa hali ya chini. Papa alilipokea kwa furaha. Mwaka 2017 kampuni ya Lamborghini ilimpa gari jipya la kasi la fahari kubwa. Alilibariki, akaliandika sahihi yake, kisha likauzwa kwa mnada, na fedha zake zikaenda kwenye kazi za huruma, ikiwemo kuwarudisha Wakristo wa Iraki katika nyumba zao zilizobomolewa na vita. Na Bwana Yesu mwenyewe aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima, akaagiza mwenyewe aambiwe kwamba atarudishiwa upesi.

Hoja ya tatu ni nzito, nami naiheshimu. Kijana mmoja aliniambia baadaye, faraghani: "Mwalimu, tangu tuzaliwe tunakimbia. Tumelala porini, tumezika ndugu zetu. Je, hatuna haki hata ya kufurahi kidogo?" Sikuwa na jibu la haraka. Hapa Djugu, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, mahali walipokimbilia ili wapone. Nani atamnyima furaha mtu aliyekulia katika nchi kama hii?

Namjibu hivi. Mwanangu, furaha ni haki yako, na Mungu anaitaka kuliko wewe. Lakini kumbuka jambo moja ambalo sisi tulioishi vita tunalijua. Siku moja ya kukimbia, palikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye gari kuukuu la mizigo, lenye milango iliyofungwa kwa kamba. Alipeleka familia yake mahali pa usalama. Kisha akarudi, akachukua wazee. Akarudi tena, akachukua wajawazito na mgonjwa mmoja juu ya godoro. Akarudi mara ya tatu. Leo ukiwauliza watu wa hapa, hakuna anayekumbuka gari lile lilikuwa la kampuni gani wala la rangi gani. Wote wanakumbuka kwamba lilirudi. Mtu yule hata leo akipita kwa miguu sokoni, akina mama husimama kumsalimu. Heshima mnayoitafuta Kampala kwa dola 9,000, yeye aliipata kwa kugeuza usukani mara tatu.

Kuchagua ni nini

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anatuwekea mbele watu wa aina tatu. Kila mmoja amepata dukati 10,000, fedha halali, lakini hakuzipata kwa ajili ya mapendo ya Mungu peke yake, na moyo wake umenaswa nazo. Wa kwanza anatamani kuwa huru, lakini hafanyi lolote mpaka saa ya kufa. Wa pili anataka kuwa huru kwa sharti kwamba fedha zibaki naye. Anataka Mungu amfuate yeye pale alipo. Wa tatu anaweka fedha zile mkononi wazi, tayari kuzishika au kuziachia, kadiri itakavyokuwa bora kwa utumishi wa Mungu.

Sisi tulikuwa wa aina ya pili. Tulikwisha kuamua kwamba fahari lazima inunuliwe, kisha tukamwita Mungu, kwa Salamu Maria moja, aje abariki rangi. Inyasi anafundisha kwamba wengi hukosea hapo: hutanguliza njia, halafu wanatafuta lengo la kuihalalisha. Upambanuzi wa Kikristo huanza kwa lengo. Nimeumbwa kwa nini? Watu gani wamewekwa mkononi mwangu? Baada ya hapo ndipo kitu huja, kama jembe linavyokuja baada ya shamba.

Sasa naongea nawe, kijana wangu uliyeinua simu. Sikukatazi gari. Kama biashara yako inalihitaji, nunua gari la kazi, la juu, ambalo fundi wa Fataki amelifungua mara mia na vipuri vyake vinapatikana Bunia sokoni. Lipa ushuru wake wote, mchana, upewe risiti, na uihifadhi risiti hiyo pamoja na cheti chako cha ubatizo, kwa maana zote mbili zinasema wewe ni mtu wa nani. Ndugu zako wadogo walipiwe shule kwanza. Mama yako apate bati jipya kabla ya gari kupata kivuli. Na siku moja kwa mwezi gari hilo liwe la parokia: limpeleke mama mjamzito hospitali, lipeleke maji kambini, lirudi.

Na kama baada ya kusali na kupiga hesabu bado moyo wako unaitaka BMW au Mercedes, mimi si hakimu wako. Ila usituletee tena ukumbini swali la lipi. Tuletee swali la kwa ajili ya nani, nasi tutakaa nawe hata usiku wa manane.

Kwa vijana wengine wote: zamu za kuwatembelea wagonjwa bado ziko ubaoni. Majina yaliyoandikwa ni manne. La tano nimeliandika langu jana.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Taja jambo moja ambalo kikundi chetu kilibishania mwaka huu kwa muda mrefu. Nani alituletea swali hilo, naye alipata nini kwa sisi kulijibu?

2. Katika parokia yetu, ni ishara gani zinazomfanya mtu apewe kiti cha mbele? Ni nani anayeambiwa asogee? Tutafanya nini Jumapili ijayo ili hilo libadilike?

3. Mwenyeheri Floribert angekuwa ukumbini siku ile ya makofi, angesema nini? Je, kuna kitu nyumbani mwangu kilichopitishwa kwa njia hiyo, nami nitafanya nini juu yake?

4. Wewe mwenyewe, katika fedha au kipaji ulichopewa, ni mtu wa aina ipi kati ya zile tatu za Mtakatifu Inyasi?

Tumalize kwa ukimya wa dakika tatu, kisha Baba Yetu, tukikaa polepole penye ombi la mkate wetu wa kila siku.